Maswali Mwishoni

Chuo kilipomkabidhi Faraj, wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi, kazi ya kumwongoza Mwende wa mwaka wa kwanza, kichwa kilimvimba. Alimpa sharti moja tu: asikilize, maswali mwishoni.

Somo lao lilikuwa kumtengenezea shangazi yake Faraj kabati la kona, kwenye nyumba yake ya mawe ya matumbawe, Mji wa Kale. Faraj alipima urefu wa kuta, basi. "Kona ni digrii tisini popote duniani," alisema. Mwende, aliyekwisha kuegemeza kitabu chake pale konani na kuona kinaacha mwanya, akafungua mdomo. Faraj akainua kidole. Mwende akaufunga.

Kabati likatoka karakana ya chuo limenyooka kuliko kitu chochote katika nyumba ile, na nyumba ile haijanyooka tangu ijengwe. Likasukumwa konani, likakataa. Upande mmoja uliganda ukutani, wa pili ukaacha pengo la kupita paka. Paka akapita.

"Mashaallah, mwanangu," shangazi akasema kwa upole. "Paka kapata chumba."

Mwende akanyoosha mkono. "Kaka Faraj, mwishoni ndipo hapa?"