Fungu la Wafua Chuma

Mkamwana wangu aliniambia Jumanne, amesimama mlangoni na viatu vya kazini mkononi, kwamba amepata chumba karibu na hospitali na atahama mwisho wa mwezi. Alisema kwa adabu, kama anavyosema kila kitu. Nikajibu, "Sawa, mwanangu," nikaendelea kupinda kola ya shati la sare. Sindano ikavunjika. Nashona mwaka wa thelathini na mbili huu, na mimi sivunji sindano ovyo.

Msinielewe vibaya. Sijamtesa mtoto wa watu. Mume wake, kijana wangu, anafunga mitambo ya umeme huko mbali na hurudi mara mbili kwa mwaka. Muda wote huo mkewe nimemlea kama yai. Akitoka maabara, ambako hupima damu za watu kutwa, anakuta maji ya kuoga tayari, chakula mezani, nguo zimepigwa pasi. Akishika ufagio, namnyang'anya. Sasa mtu wa namna hiyo anahama kwa lipi? Nilikasirika, na chini ya hasira niliogopa. Bila yeye, nyumba hii ni mimi na cherehani.

Nilichobakiwa nacho ni Jumamosi. Kila Jumamosi alasiri tunacheza karata alizotuachia kijana wangu. Si zile za kushindana: humu wachezaji wawili wako upande mmoja, wanapigana na mlima uliojaa mazimwi. Mkishinda mmeshinda wote, mkifa mmekufa wote. Kila mmoja anakuja na fungu lake la karata hamsini, alizochagua mwenyewe katika koo mbalimbali. Miezi minne mlima ulikuwa ukitutia adabu. Nikajiambia, nikimpa ushindi labda moyo wake utarudi. Mtu hahami nyumba anayoifurahia.

Ijumaa nilifunga kazi mapema, nikatandaza karata zote juu ya meza ya kukatia. Nikaamua: fungu la ukoo mmoja tu, Wafua Chuma. Hao hujazana nguvu. Kila anayeingia huwaongezea wenzake pigo moja, ila ukichanganya na ukoo mwingine katika fungu lako, nyongeza inakufa. Nikapanga kama ninavyopanga vazi: jora moja, rangi moja. Nilikuwa na mpiga mishale mmoja niliyempenda kupita kiasi. Hakuwa wa ukoo, akaenda zake. Nikaweka nyundo, ngao, matanuri matatu ya kuwaita Wafua Chuma wengine. Hata dawa niliitafuta ya kwao, bibi mmoja anayechoma vidonda kwa chuma cha moto. Nilipofika hamsini nikahesabu tena. Hapakuwa na pengo. Nikajisifu, maana nani mwingine angenisifu?

Kesho yake mkamwana alikuja mezani na Watu wa Bwawani, ukoo wake wa siku zote. Ni waganga na wakinga mapigo, kazi yao kumwokoa mwenzako.

Loo, Wafua Chuma walimwagika! Zimwi la kwanza chini, la pili chini.

"Zamu yako, mwanangu."

"Napita."

Tukaendelea hivyo, mimi napiga, yeye anapita, hadi mlima ukaanguka na chai haijapoa. Nikapiga meza kwa kiganja. "Umeona? Nani atatuweza sasa?"

Alitabasamu kwa mdomo tu. Akalaza karata zake wazi: waganga wanne, ngao tatu.

"Mama, nimesema 'napita' mara kumi na moja."

"Si tumeshinda?"

"Umeshinda wewe, Mama. Mimi nilikaa tu." Akayatoa yote kwa pumzi moja. "Miaka miwili nimekaa tu. Sijui hata vijiko vinakaa wapi humu ndani. Mume wangu akirudi, anakuta wageni wawili, yeye na mimi. Nakupenda, Mama, ndiyo maana nimeshindwa kusema." Alikuwa analia.

Hasira zilinipanda. Nilitaka kumwambia wako wanaosimangwa na wakwe zao kutwa kucha, waje wabadilishane naye. Nikafungua mdomo, nikawaona wale waganga wanne. Muda wote alikuwa ameshika dawa, na mimi sikumpa hata kidonda kimoja.

"Futa machozi," nikasema. "Tunarudia."

Nikalishika fungu langu zuri, nikamtoa bibi wa chuma cha moto, nikatoa ngao zote na matanuri yote. Nikajazia wabeba makaa wasio na faida yoyote. Waliobaki walikuwa Wafua Chuma watupu, lakini mgongo wazi.

Raundi ya nne, mkuu wa Wafua Chuma wangu akajeruhiwa. Kanuni inasema huoni karata za mwenzako. Ukitaka kitu, omba kwa mdomo. Nimezika mume, nimesomesha mtoto kwa sindano, na sijamwomba mtu hata uzi.

"Nisaidie," nikasema.

"Vipi, Mama?"

"Umesikia, usinichokoze!"

Akacheka huku kamasi zinamtoka, akaweka mganga, kisha ngao. Kisha akaanza kuniagiza. "Hilo zimwi kubwa usiliguse, niachie mimi." Nikamwachia. Tulikufa kwenye lango la mwisho, wote wawili, na hatujawahi kucheza vizuri namna ile.

Nikadhani limekwisha, atabaki. Wapi! Mwisho wa mwezi alihama vilevile. Nilishika kamba ya godoro, akanitazama, nikaiacha.

"Jumamosi uje wewe kwangu," akasema. "Nitapika. Na usilete kitu, Mama, hata limau."

Mkono mtupu haulambwi, ndivyo nilivyolelewa. Jumamosi nilijaza kikapu, nikakimwaga, nikakijaza tena, mwisho nikakiacha juu ya kiti nikatoka na karata tu. Chumba chake kiko ghorofa ya pili: kitanda, meza, jiko la gesi. Alinikatalia hata kusogeza kiti. Chakula kilikuwa kimeungua chini, na chumvi imezidi. Nilisema? Thubutu! Nilikula nikamaliza, nikainua sahani.

"Niongezee, mwanangu."