Nondo Katika Stoo ya Bi Kulthum

Mtaa mzima wa Mkomani ulijua kwamba siku za Maulidi mikate ya mofa, ile ya mtama iokwayo katika tanuri la udongo, huliwa kwa Bi Kulthum. Alikuwa akipokea wageni kila mwaka tangu mumewe yu hai, na hakuwahi kununua unga wa dukani. Mtama wake ulitoka Kililana, shambani kwa kaka yake Shuaib, na gunia lake lilikaa ndani kabisa ya stoo, mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Stoo yenyewe ilikuwa ya wote. Baada ya kufiwa, Bi Kulthum alipangisha vyumba viwili. Kimoja alikaa Nadra, binti wa Pate ambaye mumewe alifanya kazi hotelini huko Ras Kitau. Kingine alikaa Bochaberi, mwalimu kutoka Kisii. Wanawake watatu, jiko moja, stoo moja chini ya ngazi.

Nondo wa kwanza alimpita Nadra usoni alipokwenda kuchota mchele. Kadudu kadogo, rangi ya vumbi. Alikapiga kofi, akasahau. Haikupita wiki wakawa wanaruka kila mlango ukifunguliwa, na mchele ukaingia nyuzi kama utando wa buibui.

"Hawa wameletwa," Bi Kulthum alisema. Hakutaja mtu, lakini macho yake yalitua kwenye debe la nafaka ya wimbi la Bochaberi, lililokuja kwa basi kutoka kwao.

Bochaberi alilitoa debe hadi kiwandani, ule ua wa katikati ya nyumba, akatandika leso na kumwaga wimbi wote juani.

"Kuja uangalie, Bi Kulthum. Ukipata mdudu hata mmoja, nitautupa wote baharini."

Nadra alichutama akaupekua kwa viganja. Ulikuwa safi.

"Basi tuangalie vyote," Bochaberi akasema. "Hata lile gunia."

Nyumba ilikuwa ya Bi Kulthum, angeweza kukataa. Alijifunga leso kiunoni, akaingia, akaliburuta gunia mwenyewe. Alipofungua kamba, nondo walimrukia usoni. Ndani mtama ulikuwa umeshikana mabonge mabonge, na funza weupe wakijinyonganyonga.

Nadra aligeuka pembeni asimwone akiaibika. Lakini Bi Kulthum hakuinamisha kichwa.

"Ni wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Mwalimu, nimekudhania vibaya. Niwie radhi."

"Yameisha, mama."

"Twaweza kuuchekecha," Nadra akanong'ona. "Tuuanike, tuusage. Wageni hawatajua."

"Mimi nitajua," Bi Kulthum akajibu, na gunia zima likaenda kwa kuku.

Walitoa kila kitu. Kilichoingiwa kilitupwa, kilichosalimika kikaanikwa juani, darini juu ya nyumba. Rafu zilioshwa kwa maji ya moto, nyufa za ukuta zikachokonolewa na kuzibwa kwa chokaa. Siku chache baadaye Nadra akafungua mlango, na nondo akampita tena usoni.

Alikaa kitako sakafuni, akataka kulia. Mikono ilikuwa imemchubuka kwa chokaa. Alipoinua uso kujifuta, akaona. Juu, baina ya boriti, vifuko vidogo vyeupe vilikuwa vimeng'ang'ania kama punje za mchele.

"Bi Kulthum! Mwalimu! Ndooni mutazame! Wako juu!" akawaita waje.

Walikuwa wamesafisha pale mkono unapofika tu. Nadra, mwepesi kuliko wote, alipanda ngazi ya kuegemeza na brashi na bakuli la maji ya sabuni. Bochaberi aliishika ngazi. Bi Kulthum alikoroga chokaa. Hawakuacha hadi boriti ya mwisho. Tangu hapo kila chakula kikakaa katika chombo cha kifuniko cha kukaza, na nondo hawakuonekana tena.

Shuaib alileta mtama mpya. Siku ya wageni kiwanda kilijaa, mikate ikatoka mofani moto moto. Bi Ummu, jirani asiyepitwa na habari, aliuinua mkate wake kwenye mwanga, akaugeuza huku na huku.

"Nasikia mwaka huu hapa mumefuga funza."

Bi Kulthum akaweka birika chini.

"Tulikuwa nao. Katika gunia langu mimi. Ndoo utazame."

Akampeleka stooni, akaufungua mlango wote, na wageni wengine wakafuata. Bi Ummu aliinua kichwa, akazikagua boriti kona kwa kona.

"Nani kaisafisha hivi?"

Bi Kulthum akawavuta wenzake mbele ya watu. "Huyu Nadra wa Pate ndiye aliyewagundua, akapanda. Huyu mwalimu Bochaberi ndiye aliyetwambia tuangalie vyote. Hawa ni watu wa nyumba yangu."

Nadra alihisi uso ukimwaka, lakini hakuufunika kwa mtandio. Alisimama wima kando ya Bochaberi, wote wawili wakitazamwa.

Bi Ummu akaumega mkate, akautafuna taratibu, akautaka wa pili. Kisha akamsogelea Nadra na kumuuliza, kwa sauti ya chini, kama angeweza kwenda kwake kuangalia dari.

"Nitakuja, Bi Ummu," Nadra akasema, bila kupunguza sauti hata kidogo. "Lakini kwanza utoe vyombo vyote nje. Vyote."