Ujumbe Uliokwenda kwa Wote

Mwenye duka la dawa alipobonyeza kutuma, aliona kosa lake papo hapo. Ujumbe wa kuwakumbusha wateja dawa zao ulikuwa umekwenda kwa wote arobaini, pamoja na jina na dawa ya kila mmoja.

"Futa upesi, dada, nani atajua?" mdogo wake alinong'ona.

Alifuta, lakini kumi na mmoja walikwisha kuusoma. Sheria ya taarifa binafsi ilimtaka aripoti kosa hilo kwa mamlaka na kuwaambia wateja wenyewe. Akaripoti, ila faini haikumtisha kama simu aliyopaswa kupiga baada ya hapo, kwa mwalimu aliyekuwa akichukua dawa za virusi vya UKIMWI kwa siri.

"Mwalimu, nimekukosea," alisema, akamweleza. "Wifi yako ni mmoja wa waliousoma."



"Atamwambia kaka yake, mume wangu, naye atanipiga akirudi saa kumi," mwalimu alisema. "Afadhali umenipigia sasa. Acha nikawachukue watoto, twende kwa mama."

Mwenye duka hakuuza hata kidonge mchana ule. Mwalimu alipoandika kwamba wamefika salama, mwenye duka aliketi sakafuni, akalia.