Kalamu ya Zambarau

Umma wote utangaziwe kwamba bweni la tatu liliwahi kupata daktari bingwa, aliyewachanja vijana kumi na wawili bila sindano, bila maumivu, na bila chanjo. Bingwa huyo ni mimi. Kifaa changu kilikuwa kalamu ya wino wa zambarau.

Siku ya chanjo ya surua, kila aliyechomwa alipakwa wino kidoleni, na asiye na wino haingii bwaloni. Mimi sindano naiogopa kuliko mwalimu wa zamu, basi nikajipaka nyuma ya choo. Wenzangu kuona hivyo, wakapanga foleni. Kisha kalamu nikaificha ndani ya sanduku la Yai. Nani angempekua mgonjwa?

Yai alilala kitanda kilicho chini ya changu. Alizaliwa na mwili usioweza kutengeneza kinga, na chanjo hiyo, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa, ingeweza kumdhuru. Sista wa zahanati ya shule alitueleza mapema: "Ninyi mkichanjwa, surua haina pa kupitia. Ninyi ndio ukuta wake."

"Ukuta wenyewe unakoroma," Yai akasema, akininyooshea kidole.

Jioni aliuona wino wangu. "Imeuma?"

"Kama siafu tu, kaka."

"Asante, bwana," akasema, kwa dhati kabisa.

Wiki tatu baadaye surua iliingia bwenini, ikaanza na mimi. Nilitokwa na vipele, nikakohoa juu ya kichwa chake siku mbili, nikapona. Kwa Yai, surua ilishuka mapafuni. Alifia hospitali siku ya kumi na moja.

Jana mama yake alikuja kuchukua sanduku. Alilifungua kitandani, akakunja mashati moja moja, akaiokota kalamu. Sista, ambaye tangu tuugue na wino wetu vidoleni alikuwa akimtafuta aliyetupaka, akaitazama.

"Kumbe alikuwa yeye," akasema polepole.

"Mwanangu?" mama akauliza. "Ajipalie makaa mwenyewe?"

Wateja wangu kumi na mmoja walitazama sakafu. Ningenyamaza tu, mambo yangekwisha. Marehemu hana mdomo. Lakini mama alikuwa anaifuta kalamu kwa kanga yake, akitaka kuirudisha kati ya mashati.

"Mama, usiiweke humo," nikasema. "Hiyo ni yangu. Kifuniko nimekitafuna mimi. Mimi ndiye niliyewapaka wote, na sikuchanjwa."