Kadi Ndani ya Oveni

Mtaa mzima ulimwita Mama Keki, na jina hilo hakulipata kwa kujipendekeza. Mwanamke yule alikuwa na mkono. Keki za harusi, za kuzaliwa, hata za kumuaga bosi ambaye hakuna aliyempenda, zote zilitoka kwenye oveni moja ya umeme pale kona ya jikoni. Humo ndimo zilimotoka ada za watoto, kodi ya nyumba na hata vocha za mumewe.

Mumewe, tangu unga wake umwagike kazini, alikuwa fundi wa kompyuta za gemu. Sebule aliigeuza karakana. Alinunua kompyuta chakavu za ofisini, akazipuliza vumbi, akazihamishia kwenye kasha jeusi lenye ubavu wa kioo na feni za taa za rangi. Mwisho alichomeka kadi ya picha, kile kifaa kinachochora gemu kwenye skrini, ambacho bila hicho yote mengine ni mapambo. Vijana wakiona taa zinapepesa, mate yanawatoka. Faida ilikuwepo, mdomoni mwake. Kila alichopata kwenye mashine moja kilimezwa na vipuri vya nyingine.

Ndipo alipokuja mwenye ukumbi wa gemu. Alitaka mashine moja ya kujaribia. Ikimridhisha, atachukua za ukumbi mzima. Alilipa kabisa, na Fundi akakimbilia kununua kadi kwa mtu aliyekuwa ameitumikisha usiku na mchana kama punda. Kwa muuzaji iliwaka vizuri. Nyumbani ikaonyesha mistari ya kijani, kisha giza.

Mafundi wa vitu hivi wana ujanja wao. Kadi iliyokufa huvuliwa feni na plastiki zake, ikalazwa kwenye oveni ya moto mpaka lehemu iliyopasuka ilainike na kushikana tena. Kadi inafufuka. Kila fundi anajua kuwa uhai huo ni wa kuazima, na kila fundi anajua kuwa oveni iliyofanyiwa hivyo haipikiwi tena chakula, maana moshi wa lehemu hubaki humo. La kwanza Fundi alisema ataliona mbele ya safari. La pili alisema ni mara moja tu, na mkewe hayupo.

Kadi iliwaka. Mwenye ukumbi akaondoka na mashine akipiga mluzi. Baada ya wiki chache akairudisha, imezima. Fundi akasubiri mkewe atoke kupeleka oda, akaioka tena. Ikazima tena, akaioka tena. Kila mara alifungua madirisha, akaisugua oveni kwa ndimu, akajiona mjanja.

Keki ya kwanza kurudishwa ilikuwa ya mwalimu mmoja. "Dada, usinichukie," alisema, "lakini ina ladha ya waya." Mama Keki alilaumu siagi, akabadilisha siagi. Akalaumu unga, na Fundi mwenyewe ndiye aliyembebea gunia kwenda kulitupa. Siku moja alimwekea mumewe kipande mkononi.

"Baba watoto, onja. Niambie kweli."

Akaonja. Nyuma ya sukari kulikuwa na uchungu, kama mtu aliyeweka sarafu ulimini. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Nafasi ilikuwa pana, hata mwoga angepita.

"Mbona tamu tu," alisema.

Mkewe alikitazama kipande kile. "Basi hata ulimi wangu umeharibika."

Kuanzia hapo alipika kwa woga. Alipima kila kitu mara mbili, akaonja, akatema, akalia huku mgongo kaupa mlango. Oda zikapukutika. Fundi alikuwa amemtia mkewe mchanga kwenye kitumbua kwa mikono yake mwenyewe, na alilijua hilo kila alipoketi kula. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini aibu yake haikuwahi kufika mdomoni.

Mwenye ukumbi alikuja kwa mara ya mwisho, na sauti yake ilisikika mpaka jikoni. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Fundi. Mashine sitaki tena. Nirudishie changu."

Fundi hakuwa na cha kumrudishia. Mwenye ukumbi alipoondoka, Mama Keki alitoka akijifuta mikono kwa kanga.

"Tuuze oveni," alisema. "Ya nini kukaa nayo? Umlipe mwenzio, tuishi kwa amani."

"Mama watoto..."

"Usinibembeleze. Mkono umenitoka, basi."

Aliyekuja kuinunua alikuwa msichana anayeanza kazi hiyohiyo ya keki. Aliifungua, akaipapasa ndani, akamgeukia Fundi. "Samahani baba, mbona mnaiuza? Isije ikawa na tatizo."

Fundi alifungua kinywa. Mkewe akamtangulia.

"Oveni nzima kabisa, mwanangu. Imenilishia watoto. Tatizo lilikuwa mimi." Kisha akaingia ndani, akatoka na trei zake zote na vikombe vya kupimia, akampa bure. "Chukua na hivi. Wewe mkono wako bado mpya."

Msichana alishukuru mpaka akapiga goti. Fundi akainama, akaikumbatia oveni, akaibeba mpaka kwenye gari.