Maua ya Mama Mkwe

Mwaka 1974 mimi Klementi, bwana shamba wa Tingi, nilikuwa na cheti ukutani na kiburi kisichobebeka hata kwa lori. Mimi ndiye niliyesoma orodha ya watu wa kuhamishwa kutoka milimani kuja kijiji cha ujamaa, na jina la mama mkwe wangu, Apolonia, nikalisoma kwa sauti kubwa kuliko mengine ili nisionekane napendelea. Mjinga mimi! Tangu siku hiyo hakunisemesha. Nikimwamkia, anamgeukia mke wangu: “Rosa, mwambie mumeo marahaba.” Miezi minane hivyo hivyo. Iliniuma, jamani, maana yule mama alikuwa akinipenda sana.

Basi nikajitia akili. Kule kwake milimani maua ya porini, yale ya njano, yalikuwa yamezagaa kila mahali. Nikasema nitampandia hapa, atanisamehe tu. Nikaenda hadi kule kukusanya mbegu zake, ndogo kama ugoro. Nikatifua tuta mbele ya mlango wake, nikaponda mabonge, nikachekecha udongo kwa ungo wa Rosa. Rosa alinitukana, na alikuwa na haki. Mbegu nikazichanganya na mchanga zisidondoke rundo moja, nikazitawanya, nikazikandamiza kwa kiganja bila kuzifukia. Asubuhi namwagilia, jioni namwagilia. Wapita njia wakawa na lao: “Bwana shamba, siku hizi magugu yanapandwa?” Nikawaambia hawana elimu.

Yakachanua, haki ya Mungu, njano tupu! Nikavaa shati la Jumapili nikaenda kusimama kando ya tuta kama bwana harusi.

Mama akatoka. Akayatazama, akaguna. Kisha akanisemesha mwenyewe, bila kupitia kwa Rosa.

“Mkwe, haya kule nilikuwa nayang’oa kila Jumamosi. Yanapenda kuota juu ya kaburi la mume wangu. Sasa hivi yatakuwa yamelifunika.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na tuta lenyewe nilishalilainisha vizuri. Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, mbele ya mama mkwe.

“Usilie,” akasema. “Kesho alfajiri utanipeleka. Na utayang’oa wewe.”