Buluu ya Kampuni ya Maji

Asubuhi hiyo Fundi Rangi, kama majirani walivyomwita, alikuwa mezani na kompyuta yake na kipande cha mkate, akitafuta rangi za tovuti ya kampuni ya maji. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu tangu msimu uliopita. Chumba cha pili, mama yake alikuwa akisubiri kuoga kama mtu anayesubiri mgeni aliyekwisha kusahau njia.

Alijaribu buluu iliyopauka, skrini ikatoa jasho. Akaikoleza kidogo. Maji yakaanza kutiririka ukingoni, yakalowesha kibodi. Akausogeza mkate, akaleta beseni.

"Mama, maji yapo."

"Ya moto?"

"Ya buluu. Ukitaka ya moto, chemsha."

"Wajaze wenye watoto kwanza. Mimi nimeshazoea kunuka."

Kufikia mchana foleni ya ndoo ilikuwa imefika kwenye ngazi. Jirani wa juu, mwanamke asiyemeza neno, alionja akatema.

"Fundi, yana chumvi. Hebu punguza kijani."

Akapunguza. Jirani akaonja tena, akajaza ndoo, sufuria na birika.

Zamu ya mama ilipofika, aliingia bafuni na nusu ndoo. Ndipo meneja wa kampuni akapiga simu.

"Dada, kazi nzuri. Ila kamati imekaa. Tovuti ifanane na mapazia mapya ya ukumbi wa mikutano. Weka rangi ya mchanga."

"Bosi, hii buluu inatoa maji."

"Najua. Hata zulia letu limelowa. Ndiyo maana kamati imekaa haraka."

"Nipe mpaka jioni basi."

"Kamati nzima inatazama skrini, dada. Usipoweza, yupo kijana anaweza."

Fundi Rangi hakuwa na nguvu za kubishana na mapazia. Akabadilisha. Maji yakakatika, na mchanga laini ukaanza kumwagika mezani. Jirani wa juu aliuchota, akauchekecha kwa vidole.

"Wa kujengea huu," alisema, akainama kutafuta gunia.

Waliobaki kwenye foleni walibeba ndoo zao tupu wakashuka. Juu ya ile rangi ya mchanga, tovuti iliandika kwa herufi nene: Maji kwa Kila Nyumba.

"Mwanangu," mama aliita kutoka bafuni, "niongezee kidogo. Nina povu machoni."

Fundi Rangi alikung'uta mchanga miguuni, akachukua taulo kavu, akaenda kumfuta.